Skripti ya Spark imegoma? Uliza kwanza imefia wapi

Mtu akiniletea skripti ya Spark (programu ya kuchakata data nyingi kwa kompyuta nyingi kwa pamoja) iliyogoma, msimbo wake siugusi kwanza. Namuuliza: imefia kwenye draiva au kwenye eksekyuta? Draiva ndiyo inayosoma skripti na kugawa kazi; eksekyuta ndizo zinazoshika data, zikiwa zimetawanyika kwenye mashine za klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja. Usipojua ni upande upi, utahangaika bure.

Iendeshe kwanza kwenye kompyuta moja, kwa data kidogo:

`spark-submit --master "local[2]" kazi.py`

Ikianguka hapo, mara nyingi ni kosa la kawaida la Python. Ikipita hapo lakini igome kwenye klasta, mimi hushuku faili, maktaba au memori, kwa mpangilio huo. Faili iliyoko `/home` kwako, eksekyuta haiioni, iweke HDFS, hifadhi ya faili ambayo klasta nzima huiona. Moduli ulizoandika mwenyewe zitume kwa `--py-files`. Na ukiona `ModuleNotFoundError` ilhali una hakika umesakinisha, umesakinisha kwako, kule hakuna.

Sasa logi, yaani kumbukumbu za yaliyotokea kazi ikiendeshwa, maana hapa ndipo wengi hupotea. Ule ujumbe wa `Job aborted due to stage failure` ni tangazo la msiba tu, hautaji chanzo cha kifo. Shuka chini hadi `Caused by` ya mwisho, au mstari wa mwisho wa `Traceback`. Kwenye YARN, msimamizi anayegawa memori na mashine za klasta, kazi ikishakwisha, vuta logi zote:

`yarn logs -applicationId <namba ya kazi> | less`

Usiuamini sana mstari wa skripti unaotajwa. Spark haifanyi kitu mpaka uiombe matokeo, kwa hiyo lawama huangukia `count()` wakati mkosaji ni fomula uliyoiandika mistari thelathini juu yake.

Ukikuta `exit code 137`, mchakato umeuawa kwa nguvu, na kwa kawaida sababu ni memori. Wengi hukimbilia kuongeza `--executor-memory`. Ngoja kidogo. Kwenye PySpark (Spark inayoandikwa kwa Python), michakato ya Python hukaa nje ya memori hiyo, na akiba yake ya kawaida ni asilimia 10 tu, isipungue MiB 384. Eksekyuta ya GB 2 hupata hizo 384 basi, na pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data, huzimaliza mara moja. Ongeza hapa:

`--conf spark.executor.memoryOverhead=1g`

Kama iliyokufa ni draiva, tafuta `collect()` au `toPandas()` kwenye skripti. Hizo hubeba data yote na kuirundika mahali pamoja. Sijui kwa nini watu wanazipenda hivyo.

Kuna na ile isiyokufa wala kusonga, inarudia tu `Initial job has not accepted any resources`. Hapo huenda umeomba zaidi ya kile klasta ilicho nacho. Fungua ukurasa wa YARN, kwa kawaida bandari 8088, uone memori iliyobaki, kisha punguza `--num-executors` au ukubwa wa kila eksekyuta. Kama kuna kazi ya mwenzako imeshikilia kila kitu, kamwombe.