Diski zimepotea kwenye ESXi baada ya kubadili draiva: usianze kwa kuumba hifadhi mpya

Umeweka draiva mpya ya kontrola ya diski kwenye seva ya ESXi (mfumo wa VMware unaoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja), seva imewaka bila lalamiko, lakini hifadhi (datastore) yenye mashine pepe zote haionekani. Tafadhali usikubali kuunda hifadhi mpya juu ya diski yoyote. Mara nyingi data ipo palepale, ila ESXi imepoteza njia ya kuifikia.

Pia usikimbilie kuweka draiva ya pili. ESXi ina sehemu mbili za mfumo: bootbank inayotumika sasa, na altbootbank yenye mfumo uliotangulia. Baada ya draiva ya kwanza, mfumo wako uliokuwa mzima umekaa altbootbank. Ukiweka nyingine, inaandikwa juu yake, na hapo umejifungia mlango wa kurudi. Hili linaniuma kwa sababu nimewaona mafundi hodari wakipoteza nafasi hiyo kwa haraka tu.

Ingia kwa SSH, uendeshe hizi, na majibu uyanakili kwenye kompyuta yako:

lspci -p
esxcli storage core adapter list
esxcli storage core device list

Nakili na /var/log/vmkernel.log. Kama kumbukumbu hizi za matukio (log) zilikuwa zikiandikwa kwenye hifadhi iliyopotea, sasa huenda ziko kwenye RAM na zitafutika ukizima.

Mimi natunza seva za SACCOS. Wanachama wakiwa dirishani, nikishapata ushahidi huo nawasha upya, nabonyeza Shift+R ESXi inapoanza kupakia, kisha Y. Mfumo wa awali unarudi na kazi inaendelea. Draiva mpya huondoka moja kwa moja, na mipangilio uliyobadilisha baada yake pia, kwa hiyo iandike mahali.

Sasa soma majibu. Kontrola isipokuwepo hata kwenye lspci (orodha ya kadi zilizomo kwenye seva), angalia BIOS na kadi yenyewe. Draiva haina kosa. Ikiwepo hapo lakini haimo kwenye orodha ya adapta, hakuna draiva iliyoichukua. Linganisha namba zake zote nne za utambulisho (VID, DID, SVID na SSID, zimo kwenye jibu la lspci -p) na orodha ya VMware ya vifaa vinavyokubalika. Jina la kadi pekee halitoshi.

Kwenye 6.5 na 6.7 draiva za zamani na mpya zilikaa pamoja. Diski za SATA zikipotea chini ya vmw_ahci, ambayo ni draiva mpya ya SATA, izime ili ahci ya zamani ishike, kisha washa upya:

esxcli system module set --enabled=false --module=vmw_ahci

Toleo la 7.0, la mwaka 2020, liliondoa kabisa vmklinux, tabaka lililoziwezesha draiva za zamani za asili ya Linux. Kadi iliyotegemea draiva za aina hiyo na haina draiva mpya, ibadilishe, au ubaki 6.7 ukijua msaada wake wa kawaida uliisha 2022.

Hali ya mwisho: diski inaonekana, hifadhi haionekani. VMFS, mfumo wa faili wa hifadhi za ESXi, huandika ndani yake utambulisho wa diski iliyoibeba. Draiva mpya ikiitambulisha diski kwa jina jingine, ESXi hudhani ni nakala na kukataa kuifungua. Hakikisha:

esxcli storage vmfs snapshot list

Ukiikuta, na una uhakika hakuna nakala halisi ya diski hiyo iliyounganishwa, ifungue kwa sahihi yake ileile (utambulisho iliokuwa nao tangu awali):

esxcli storage vmfs snapshot mount -l jina_la_hifadhi

Usichague sahihi mpya bila sababu, maana UUID, namba ya pekee ya hifadhi, itabadilika na utalazimika kusajili upya mashine pepe moja baada ya nyingine.