Kabla ya Kumkabidhi Mteja Programu Yenye Msimbo Huria

Kampuni ya utalii iliyoko Njiro, Arusha, inapoagiza visanduku vya kufuatilia magari yake yakiwa Serengeti, sisi tunaovitengeneza huwa tumeandika sehemu ndogo tu ya programu iliyomo; nyingine ni msimbo huria, yaani msimbo ulioandikwa na wengine na kuwekwa wazi utumike kwa masharti ya leseni yake. Chini kabisa kuna kiini cha Linux, kinachoendesha kifaa chenyewe, na BusyBox, mkusanyiko wa programu ndogondogo za msingi, vyote viwili chini ya leseni ya GPL toleo la 2, kisha maktaba (vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumika) kadhaa zenye leseni za MIT na Apache, na juu yake tabaka jembamba la kazi yetu. Wajibu mwingi wa leseni hizi huanza pale nakala inapotoka mikononi mwako, kwa hiyo swali la kwanza ni kama unasambaza. Kumpa mteja mmoja flashi ni kusambaza, na kuuza kifaa chenye programu ndani yake ni kusambaza vilevile. Programu inayobaki kwenye seva yako kwa kawaida haiamshi masharti ya GPL, lakini ukiwa umerekebisha programu yenye AGPL, leseni ndugu ya GPL, wanaoitumia kupitia mtandao nao wana haki ya kupewa msimbo chanzo wake, yaani programu kama ilivyoandikwa na waandishi wake.

Linalofuata ni kujua umebeba nini. Orodha ya maktaba ulizozichagua mwenyewe haitoshi, kwa kuwa kila moja huja na nyingine ambazo hukuziita. Fungua faili la leseni la kila kifurushi badala ya kuamini maelezo ya ukurasa wake. Usipokuta leseni yoyote, kiache. Wengi huuchukulia msimbo uliowekwa wazi mtandaoni kama embe lililoanguka barabarani, ilhali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta hapa Tanzania, na ukimya wa mwandishi si ruhusa.

Leseni za MIT na BSD hazina usumbufu: hifadhi tamko la hakimiliki pamoja na maneno ya leseni, kwa mfano katika ukurasa wa maelezo ndani ya programu. Apache 2.0 inadai pia uonyeshe mafaili uliyoyabadilisha na upitishe kwa mteja matamko ya waandishi yaliyomo katika faili la NOTICE, kama lipo.

GPL ndiyo inayohitaji siku zake kwenye ratiba. Anayepokea nakala ana haki ya kupata msimbo chanzo kamili unaolingana na nakala hiyohiyo, zikiwamo skripti zinazotumika kuijenga, yaani kuugeuza msimbo huo kuwa programu inayofanya kazi, na hapo ndipo sisi wenyewe tuliwahi kuaibika. Fundi mmoja wa Moshi alituomba msimbo wa kiini kilichokuwa ndani ya kisanduku alicholetewa akitengeneze; tulikuwa nao, ila wa toleo jipya zaidi, na faili la .config, lenye mipangilio ya kujengea kiini, lililotumika siku ile lilikuwa kwenye kompyuta mpakato iliyokwisha kufutwa na kupewa mfanyakazi mwingine. Hatukuwa na nia ya kuficha chochote, lakini leseni haiulizi nia. Tangu hapo, siku ya kujenga toleo la mteja ndiyo siku ya kufunga msimbo wake wote katika kifurushi kimoja chenye namba ileile iliyobandikwa kwenye kifaa, kisha mtu ambaye hakushiriki kazi hiyo anajaribu kuujenga upya akiwa na kifurushi hicho peke yake.

Bodi za kielektroniki zinazoagizwa nje zikiwa tayari na programu zinataka tahadhari kabla ya malipo, kwa sababu muuzaji akikunyima msimbo chanzo, hilo halikuondolei wewe wajibu kwa mteja wako. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilimpa ushindi Harald Welte, mmoja wa waandishi wa netfilter, sehemu ya Linux inayochuja data za mtandao, dhidi ya kampuni iliyouza ruta bila kutimiza masharti ya GPL. Chini ya toleo la 2, anayekiuka hupoteza haki ya kusambaza papo hapo. Toleo la 3 la mwaka 2007 humrudishia haki hiyo mkosaji wa mara ya kwanza anayerekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu kuarifiwa.

Soma pia mkataba wenyewe na mteja. Mikataba mingi tunayoletewa na wanasheria wa wateja ina kifungu kinachosema mteja atamiliki haki zote za programu, na hatuwezi kuhamisha haki tusizokuwa nazo. Kifungu hicho kihusishwe na sehemu tuliyoiandika sisi tu, na orodha ya vingine vyote pamoja na leseni zake iambatishwe kabla ya kusaini.

Usipotoa msimbo pamoja na kifaa, toleo la 2 la GPL linakuruhusu kuweka ahadi ya maandishi, inayodumu kwa angalau miaka 3, ya kumpa mtu yeyote atakayeuomba kwa gharama isiyozidi ile ya kunakili na kutuma. Miaka 3 ni mirefu kuliko ajira za vijana wengi katika ofisi zetu, hivyo karatasi hiyo ibebe anwani ya barua pepe ya ofisi, isiwe ya mfanyakazi mmoja, na vifurushi vihifadhiwe kwenye diski mbili zinazokaa majengo tofauti.