Uzamivu wa mkakati wa biashara: anza na swali, si na mada

Andiko la utafiti wa uzamivu lenye kichwa cha "Changamoto za Utalii Zanzibar" halitamvutia msimamizi wa fani hii, hata kama aliyeliandika kakulia Nungwi. Wataalamu wa mkakati wa biashara wanahangaika na swali moja kubwa: kwa nini, katika soko lile lile na kwa wateja wale wale, biashara moja inastawi na jirani yake inasuasua? Andiko lisiloweza kukaa ndani ya swali hilo huenda likawa zuri kwa uchumi au maendeleo, basi lipeleke huko.

Chukua karafuu. Mkulima wa Pemba kisheria anauza kwa Shirika la Biashara la Taifa tu, kwa hiyo upande wa ununuzi huna kampuni mbili za kulinganisha. Mwani ni habari nyingine. Aina ya kotonii ina bei nzuri lakini hufa maji yakipata joto. Spinosamu hustahimili, ila bei yake ndogo. Katika pwani hiyo hiyo, kikundi kimoja cha akina mama kinauza mwani mkavu na kingine kinatengeneza sabuni. Kwa nini cha sabuni kiligeuka na cha mwani mkavu hakikugeuka? Hapo una swali la uzamivu.

Liandike kwa sentensi moja, kisha weka chini yake majibu mawili yanayopingana. Nadharia ya rasilimali, iliyopata umbo lake kwa makala ya Barney ya 1991, itakwambia uangalie kikundi kilikuwa na nini ambacho wenzake hawawezi kukiiga. Nadharia ya uwezo wa kubadilika, ya Teece, Pisano na Shuen ya 1997, itakwambia uangalie kilivyojipanga upya hali ilipogeuka. Onyesha ni ushahidi gani ungeliangusha jibu la kwanza na upi la pili. Waombaji wengi hawafanyi hivyo. Wanazitaja nadharia zote mbili kwa heshima, kisha wanaziacha.

Data ndiyo inayoangusha wengi. Ukimpa meneja wa hoteli hojaji moja, akajibu yeye mkakati wake na yeye mafanikio yake, majibu yataonekana kuhusiana hata kama katika biashara yenyewe hayahusiani. Mkakati muulize meneja. Idadi ya vyumba vilivyolaliwa ichukue kwa mhasibu, kutoka kwenye daftari. Tafuta pia hoteli zilizofungwa: ukihesabu zilizosalia tu, kila mkakati utaonekana umefaa. Na hoteli yenye mtaji mkubwa huajiri meneja mzoefu na pia hupata wageni wengi, kwa hiyo usikimbilie kumsifu meneja. Kusanya takwimu za kabla na baada ya yeye kuajiriwa, tena kwa miaka kadhaa.

Panga safari za uwandani kwa kalenda ya hapa. Wakulima wa mwani huwa baharini wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Mahojiano yafanye maji mafu. Hoteli nyingi hupunguza kazi au hufunga wakati wa masika, Aprili na Mei: wageni hawapo, lakini meneja aliyebaki ana nafasi ya kukaa na wewe saa nzima. Kibali cha utafiti cha Zanzibar ni tofauti na kile cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, cha Bara, na kimoja hakisimami badala ya kingine. Ukishakipata, peleka nakala wilayani na kwa sheha kabla hujagonga mlango wa mtu.

Kuhusu maombi ya nafasi ya masomo, anza miezi 18 kabla ya masomo kuanza. Vyuo vingi vya Marekani hufunga dirisha kati ya Desemba na Januari, hutaka mtihani wa kujiunga wa GMAT au GRE, na masomo huchukua miaka minne hadi sita, miwili ya mwanzo ikiwa ya darasani. Uholanzi na nchi za Skandinavia mara nyingi mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa mwenye mshahara, na nafasi hutangazwa kama kazi. Barua ya kwanza kwa msimamizi isizidi maneno 200: swali lako, data utakayoipata, na makala yake moja uliyoisoma kweli.

Kazi ya uhadhiri inaandaliwa tangu mwaka wa kwanza. Lenga makala tatu zinazosimama kila moja peke yake, si tasnifu nene itakayokuja kukatwakatwa baadaye. Jarida linalokuahidi kukuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo likimbie, maana kamati za ajira zinayajua majina hayo. Fundisha angalau somo moja kamili na uhifadhi tathmini za wanafunzi. Soko la ajira za uhadhiri la Marekani huanza kiangazi cha mwaka wa mwisho: maombi Juni na Julai, mahojiano kwenye mkutano wa Academy of Management, jumuiya ya wasomi wa menejimenti, mwezi Agosti, ziara za vyuoni kuanzia Septemba. Kufika Juni, makala yako bora iwe imeshasomwa na watu watatu wasiokuwa msimamizi wako.