Kusasisha programu dhibiti ya kamera: jina la faili ndilo hukwamisha wengi

Nimetoka kumwelekeza mpigapicha mwenzangu kwa simu. Kamera yake haikuwa na neno. Kilichomla jioni nzima ni faili la programu dhibiti (firmware), yaani programu inayoiendesha kamera kutoka ndani. Basi nayaandika haya kwa yeyote atakayekwama palepale.

Hatua ya 1: Soma kabla ya kupakua

Kila toleo huja na maelezo ya kilichobadilika. Yasome, kwa sababu kampuni hazina tabia moja. Fujifilm wamejijengea jina kwa kuwakumbuka wenye kamera za zamani: X-T3 ya mwaka 2018 ilipata toleo 4.00 mwaka 2020, na fokasi yake ikasogea karibu kabisa na ya X-T4 iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka. Nikon nao, kwa toleo 2.00 la Z9 mwaka 2022, waliongeza video ghafi (RAW, isiyochakatwa) ya 8K kwa fremu 60 kwa sekunde bila kudai senti. Panasonic waliwahi kuuza: mwenye kamera ya GH4 aliyetaka V-Log, namna ya kurekodi video inayoacha nafasi ya kurekebisha rangi baadaye, alilipia namba ya kuifungulia. Mara nyingine unapewa mistari miwili tu ya marekebisho, basi.

Kuna pia masasisho ya usalama. Mwaka 2019 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha kuwa Canon EOS 80D inaweza kuvamiwa kwa Wi-Fi na picha zilizo kwenye kadi zikafungwa ili mwenyewe adaiwe pesa. Canon wakatoa programu mpya.

Msimamo wangu: sasisho la usalama, au la hitilafu inayokusumbua, liweke leo. La mapambo lisubiri wiki mbili, ili wengine walijaribu kwanza. Machi 2010 Canon waliliondoa toleo 2.0.3 la 5D Mark II kwa kasoro ya sauti, wakaleta 2.0.4. Ukishapanda toleo, kamera nyingi hazikuruhusu kushuka.

Hatua ya 2: Betri

Ijae, na iwe ya kampuni yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kamera inaweza isiwake tena.

Hatua ya 3: Mipangilio

Baadhi ya masasisho huifuta. Piga picha kurasa za menyu kwa simu.

Hatua ya 4: Faili kwenye kadi

Hapa twende polepole.

Fomati memori kadi (yaani ifute yote na kuiandaa upya) ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Kisha pakua faili kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, la modeli yako hasa. Herufi moja ya ziada kwenye jina la kamera ni kamera nyingine.

Unachopakua mara nyingi si faili ambalo kamera inalitaka. Canon hukupa zipu (faili lililobana mafaili mengine), na ndani yake kuna maelekezo pamoja na faili linaloishia .FIR. Nikon kwa Windows hukupa .exe ambayo ukiifungua inazaa folda yenye .bin. Kinachokwenda kwenye kadi ni hilo la ndani peke yake. Liweke nje ya folda zote: ukiliingiza kwenye DCIM, folda ya picha, kamera hailioni.

Sasa jina. Fujifilm hutumia majina yanayoanza na FWUP na kuishia .DAT. Ukilipakua mara mbili, kivinjari kinaliongezea (1) kimyakimya, na kamera inakuambia hakuna faili. Hapo watu hubadilisha kadi, huazima betri, wengine huanza kutafuta fundi! Usilisahihishe kwa mkono. Windows inaweza kuficha herufi za mwisho wa jina, kwa hiyo ukiandika .DAT mwenyewe unaweza kupata .DAT.DAT bila kujua. Futa nakala zote za faili hilo kwenye folda ya vipakuliwa, pakua upya mara moja, nakili.

Hatua ya 5: Kusakinisha

Canon na Nikon: ingia kwenye menyu, tafuta toleo la programu, kubali. Fujifilm: shikilia kitufe cha DISP/BACK huku ukiwasha. Sony za kizazi cha a7 III zilitaka kompyuta na waya wa USB, njia nisiyoipenda kabisa. Kuanzia a7S III, kwa nyingi zilizofuata, faili linasomwa kwenye kadi.

Kusasisha kupitia simu kupo, na kwangu ni hapana. Faili ni kubwa, muunganisho wa simu na kamera hukatika, halafu unaanza upya. Kadi haina mambo hayo.

Kazi ikianza, usiguse kitufe chochote, hata mstari unaoonyesha kazi ilipofika ukionekana umesimama.

Hatua ya 6: Lenzi

Lenzi nayo ina programu yake. Funga lenzi kwenye kamera kisha angalia ukurasa uleule wa toleo. Namba zake huonekana pembeni ya zile za kamera. Lenzi nyingi za Sigma za DSLR (kamera zenye kioo ndani) husasishwa kwa USB Dock, na za Tamron kwa TAP-in Console, vifaa vinavyouzwa peke yake. Ukimaliza vyote, fomati kadi tena ndani ya kamera.