Kuacha sadaka kwenye wosia, na kuhakikisha inafika

Mzee mmoja aliacha wosia wenye mstari huu: "Sehemu ya mali yangu itumike kwa kazi ya Mungu." Ni maneno mazuri ya kusomwa msibani, lakini kwetu tunaosimamia mirathi hayakuwa na pa kushika. Sehemu gani? Kazi ipi? Apokee nani? Watoto wake, wote watu wema, walivutana miaka miwili, kila mmoja akitaja kanisa lake. Tangu hapo, kila anayekuja kwangu na nia ya namna hii namtembeza katika hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Jua kilicho chako

Andika mali yote upande mmoja, madeni yote upande wa pili. Shamba mlilonunua wawili si lako lote. Bima ya maisha na pensheni mara nyingi hazipiti kwenye wosia kabisa, zinakwenda kwa yule uliyemwandika kwenye fomu ya mwajiri au ya kampuni ya bima. Ukitaka fedha hizo ziwe sadaka, ulizia kama unaweza kubadilisha fomu, maana wosia hautazifikia.

Hatua ya 2: Pima fungu kwa mizani ya dini yako

Kwa Mwislamu mpaka uko wazi. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, ndipo wasia, yaani kile ulichousia kitolewe, nao usizidi theluthi ya kilichobaki. Wengi hukosea kwa kuchukua theluthi ya mali yote. Tuseme mali ni mafungu 90, na mazishi pamoja na madeni yanachukua 30. Yanabaki 60, kwa hiyo theluthi ni 20. Ukiandika 30, yale 10 ya ziada yatategemea ridhaa ya warithi. Na mtu ambaye tayari ana fungu lake la mirathi, kama mke au binti, kwa Wasuni haongezewi kwa wasia mpaka warithi wenzake waridhie.

Biblia haikuweka kiwango kwa ajili ya wosia. Wapo wanaochukua zaka, yaani asilimia 10. Mimi napenda zaidi njia aliyoihubiri Agostino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini: mhesabu Kristo kama mtoto mmoja wa nyumbani. Una watoto watatu? Gawa mafungu manne, moja liwe sadaka.

Agostino huyohuyo alikataa kupokea kwa niaba ya Kanisa mali ya baba aliyetaka kumnyima mwanawe urithi. Alisema mtu wa hivyo atafute mpokeaji mwingine. Na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume Muhammad, alipotaka kutoa theluthi mbili za mali yake, Mtume alimshusha hadi theluthi, akamwambia hata hiyo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba. Kwa hiyo anayenijia na hasira dhidi ya mwanawe, akitaka kumkomoa kwa jina la sadaka, huwa namwambia arudi baada ya mwezi.

Hatua ya 3: Uliza sheria ya nchi

Nchi nyingine zina fungu la lazima la watoto. Ufaransa, kwa mfano, mwenye mtoto mmoja yuko huru na nusu ya mali yake, mwenye wawili theluthi, mwenye watatu au zaidi robo tu. Kwingine serikali huipunguzia kodi mirathi yenye sadaka. Hapa lipa mwanasheria wa huko mali iliko.

Hatua ya 4: Andika sentensi isiyobishaniwa

Kiasi taslimu ni rahisi kuandika lakini kina hatari yake: ukiugua muda mrefu na mali ikapungua, sadaka inabaki palepale na watoto ndio wanaopunjika. Bora uandike asilimia ya kile kitakachobaki. Taja jina kamili la taasisi kama lilivyosajiliwa, pamoja na namba ya usajili. "Msikiti wetu" au "parokia yangu" ni jina la mazungumzo tu. Mfano:

"Baada ya kulipa gharama za mazishi na madeni yangu yote, asilimia 10 ya mali itakayobaki ipewe (jina kamili, namba ya usajili) kwa ajili ya kusomesha yatima. Ikiwa taasisi hiyo haipo tena au kazi hiyo imekoma, msimamizi wa mirathi aipe taasisi nyingine ya dini yangu yenye kazi inayokaribiana."

Usiiache hiyo sentensi ya pili. Taasisi hufungwa, huungana, hubadili jina.

Kama unatoa nyumba au kiwanja, ongea na taasisi mapema. Wengine hawana uwezo wa kukitunza. Ukitaka kibaki milele, fikiria wakfu, kama Umar bin al-Khattab, sahaba mwingine wa Mtume, alivyofanya na ardhi yake ya Khaybar huko Arabuni: ardhi yenyewe haiuzwi, haitolewi wala hairithiwi, mapato yake ndiyo yanayotolewa sadaka. Ila mtaje mtawalii, yaani msimamizi wa wakfu, na anayemfuata akifa.

Hatua ya 5: Saini

Kwa kawaida hutakiwa mashahidi wawili, waliopo pamoja unaposaini. Kiongozi wa dini ambaye taasisi yake inanufaika asiwe shahidi, hata kama ndiye unayemwamini kuliko wote. Asikuandikie wosia pia. Hata akiwa msafi kama maji, warithi watasema alikushawishi, na mahakama itawasikiliza.

Hatua ya 6: Waambie nyumbani

Hii ndiyo wanayoikimbia wengi. Waite watoto ukiwa bado na nguvu, waeleze unatoa nini na kwa nini. Mwonyeshe msimamizi nakala halisi ya wosia iliko. Kisha uusome upya kila unapooa au kuolewa, unapopata mtoto, au unapouza mali uliyoitaja humo. Kuna nchi, Uingereza ikiwemo, ambako ndoa mpya kwa kawaida huufuta wosia wa zamani wote, sadaka ikiwa ndani yake.