Tuisheni ya Kijerumani mtandaoni: mtoto akishaongea, ndipo kazi inapoanza

Mtoto wa darasa la pili akihamia Ujerumani na wazazi wake, mara nyingi kabla mwaka haujaisha amekuwa mkalimani wa nyumba. Anaongea na jirani, anamsomea mama barua ya kampuni ya umeme, anamsahihisha baba mbele ya keshia. Wazazi wengi wakifika hapo wanafuta somo la mtandaoni. Kijerumani si anakijua, pesa ya nini tena? Naandika kuwaomba wasifute. Kijerumani cha mwaka wa kwanza mtoto anaweza kukiokota uwanjani akicheza mpira. Cha mwaka wa pili na wa tatu hakiokotwi.

Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, ndiye aliyelifafanua jambo hili kwa namna ambayo walimu wengi wanaitumia mpaka leo. Mtoto mhamiaji huhitaji kama miaka miwili kupata lugha ya mazungumzo, lakini lugha ya masomo, ya kitabu cha sayansi na swali la mtihani, huchukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzake waliozaliwa nayo. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambapo mtoto anaongea kama mwenyeji na anafeli kama mgeni. Mwalimu akimsikia anavyotiririka anadhani hana bidii, na mzazi naye anadhani hivyo hivyo.

Chukua fumbo la hesabu. Makreti sita ya soda, kila moja chupa 24, chupa tisa zimevunjika, zimebaki ngapi? Mtoto aliyetoka shule ya msingi Morogoro au Kisumu anajua kuzidisha na kutoa. Kinachomkwamisha ni vijineno kama je (kwa kila moja), insgesamt (kwa jumla), übrig (zilizobaki) na mindestens (angalau), ambavyo hakuna anayevitamka kwenye bembea. Akifika darasa la tano au la sita yanaongezeka yale ambayo walimu wanayaita Operatoren, yaani vitenzi vya kuamuru mwanzoni mwa swali: nenne, beschreibe, vergleiche, begründe, erläutere. Mtoto asiyejua kwamba nenne inataka orodha tu, na begründe inataka sababu, anaandika ukurasa mzima na kupoteza alama. Hivi vitenzi havizidi dazeni mbili au tatu. Mwalimu mzuri wa mtandaoni anaweza kuvimaliza kwa miezi michache, na sijui kwa nini wengi bado wanawafundisha watoto majina ya matunda.

Haraka yenyewe inatokana na mfumo wa shule. Katika majimbo mengi watoto wanagawanywa baada ya darasa la nne, wakiwa na miaka kama kumi: wengine Gymnasium (sekondari ya kuelekea chuo kikuu), wengine Realschule (sekondari ya kati), au shule za pamoja ziitwazo Gesamtschule. Berlin na Brandenburg husubiri mpaka darasa la sita. Bavaria ndiyo kali zaidi. Mwezi Mei wa darasa la nne mtoto hupewa cheti cha mpito, Übertrittszeugnis, na ili afae kwenda Gymnasium wastani wake wa Kijerumani, hisabati na somo la mazingira usizidi 2.33. Kumbuka Ujerumani alama ya 1 ndiyo bora na 6 ndiyo mbovu. Jambo ambalo wazazi wetu wengi hawaambiwi ni kwamba mtoto ambaye lugha yake ya kwanza si Kijerumani, na hakuanza darasa la kwanza hapo nchini, anaweza kukubaliwa hata kwa wastani wa mpaka 3.33, iwapo shule itaona kwamba udhaifu wake ni wa lugha tu na unarekebishika. Mwulizeni mwalimu wa darasa mapema, darasa la tatu au mwanzoni mwa la nne, wala msingoje cheti kitoke. Ukienda na ushahidi kwamba mtoto ana somo la kila wiki la lugha ya masomo, hoja ya "unarekebishika" inapata miguu.

Sasa mwalimu. Kuna aina mbili, na ugomvi mwingi unatokana na kuzichanganya.

Wa kwanza ni Mwafrika Mashariki mwenzetu aliyesomea Kijerumani, labda kupitia Goethe-Institut ya Nairobi au Dar es Salaam, anayefundisha kwa Zoom. Kwa mtoto anayeanza, hasa ambaye bado hajasafiri, sioni wa kumshinda. Anamweleza kwa Kiswahili. Anajua pia kwamba mtoto wetu der, die na das hazimtishi, maana amekua na ngeli; anajua tayari kwamba nomino moja inaburuta sentensi nzima, kitabu changu kizuri kimepotea. Sauti ya ch katika Buch anaipata kwenye kheri. Kazi inabaki kwenye ü, ambayo unaipata kwa kusema i huku midomo umeikunja kama ya u, na kwenye kumzuia asiongeze irabu mwishoni mwa neno: und, si undi. Watoto wa Kenya wengine wanafika na msingi tayari, kwa kuwa Kijerumani ni somo la KCSE na baadhi ya sekondari zinalifundisha.

Wa pili ni mtu aliyepita ndani ya shule za Kijerumani mwenyewe, kwa mfano mwanafunzi wa chuo anayesomea ualimu. Huyu ndiye wa mwaka wa pili na kuendelea. Anajua kitabu kinavyouliza, insha ya maelezo inavyopangwa, na kwamba mwalimu wa jiografia anataka sentensi kamili. Kama bajeti inaruhusu mmoja tu na mtoto ameshakaa mwaka, mchukue huyu.

Kabla ya kulipa, omba somo la majaribio na mpe mwalimu ukurasa wa kitabu cha hesabu cha mtoto, si kitabu cha lugha. Kaa pembeni usikilize. Ukiona mwalimu anaongea zaidi kuliko mtoto, tafuta mwingine. Akimaliza bila mtoto kuandika hata mstari mmoja kwa mkono wake, tafuta mwingine pia.

Somo lenyewe liwe fupi na la mara kwa mara. Dakika 45 mara mbili kwa wiki zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi. Kwa wa miaka sita hadi minane, dakika 25 au 30 zinatosha, na mtu mzima awe chumbani. Mtoto, au wewe, apige picha ya Arbeitsblatt, yaani karatasi ya mazoezi, ya wiki hiyo na kumtumia mwalimu usiku wa kabla, ili somo lifuate shule badala ya kwenda kivyake. Aandike kwenye daftari na kulionyesha kwenye kamera, kwa sababu mtihani ataufanya kwa kalamu. Wa miaka 13 kwenda juu, usimfungie peke yake na mwalimu kila mara. Kikundi cha watatu au wanne wa rika lake kinamfanya aongee, maana mbele ya mtu mzima mmoja kijana atajibu ja na nein mpaka muda uishe.

Kuhusu saa, angalizo dogo kwa walio na mwalimu Afrika Mashariki au mtoto ambaye bado yuko huko. Ujerumani hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Somo la saa kumi jioni ya Ujerumani ni saa kumi na moja Dar wakati wa kiangazi, na saa kumi na mbili wakati wa baridi. Wiki hizo mbili tuma ujumbe wa kukumbusha.

Nikija kwa walio bado kwenye foleni ya visa. Mtoto chini ya miaka 16 anayemfuata mzazi hadaiwi cheti chochote cha lugha. Nimeona familia zikilipa kozi na mtihani kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa kwa kuwa dalali aliwaambia ubalozi unataka. Hautaki. Kumfundisha kabla ya safari ni jambo jema, lakini fanya kwa ajili ya shule, bila presha ya cheti. Ukitaka mtihani wa kumtia moyo, Goethe wana Fit in Deutsch 1 kwa wenye miaka 10 hadi 16.

Miaka 16 ndiyo ukuta. Kijana aliyeshatimiza miaka hiyo, asiyehamia pamoja na wazazi bali anawafuata baadaye, kwa kawaida hutakiwa kuwa na Kijerumani cha C1, ngazi ya tano kati ya sita, au kuonyesha kwa elimu na maisha yake kwamba ataweza kujichanganya na jamii. Kuna msamaha kwa watoto wa wenye Blue Card, kibali cha Umoja wa Ulaya cha wafanyakazi wenye elimu ya juu, na makundi mengine ya wafanyakazi wenye taaluma, na kwa watoto wa wakimbizi waliotambuliwa, kwa hiyo angalia kwanza kibali cha mzazi ni cha aina gani. Kinachohesabiwa ni umri wa siku ya kuwasilisha maombi. Kama binti ana miaka 15 na nusu, pesa yako iende kwenye nyaraka na miadi ya ubalozi kabla ya kwenda kwenye kozi. C1 haipatikani kwa miezi sita: Goethe wenyewe wanakadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kufikia B1 tu, ngazi ya tatu.

Vijana wanaofika wakiwa wakubwa wana mlango mwingine ambao shule hazitangazi sana. North Rhine-Westphalia ina mtihani wa lugha ya nyumbani, Sprachprüfung, unaoweza kusimama badala ya lugha ya kigeni kwenye cheti. Ulizia mapema kama mtahini wa Kiswahili atapatikana, kwa sababu bila mtahini hakuna mtihani.

Vya bure vipo, na vingine ni vizuri kuliko vya kulipia. Deutsche Welle wana Nicos Weg, kozi ya video kutoka A1, ngazi ya kwanza, hadi B1, inayowafaa vijana kuanzia miaka 13 hivi. Programu ya Anton inatumiwa na shule nyingi na ina sehemu ya Kijerumani kama lugha ya pili, DaZ. Lakini kama ningechagua kimoja tu kwa mtoto wa shule ya msingi, ningechagua Die Sendung mit der Maus, kipindi kinachorushwa tangu 1971. Kile kipande chao cha kueleza jinsi kitu kinavyotengenezwa, penseli au mkate, ndicho Kijerumani cha darasani hasa: kwanza, halafu, kwa sababu hiyo. Tazameni pamoja, zima sauti, mtoto asimulie. Kwa wakubwa kidogo kuna logo!, taarifa ya habari ya watoto kwenye KiKA, chaneli ya watoto.

Na Kiswahili nyumbani kisiguswe. Kumwongelesha mtoto Kijerumani chako cha kuungaunga hakumsaidii. Anachokosa ni msamiati wa kina, na huo wewe unao kwa Kiswahili. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania anajua eneo, mzingo na kipenyo ni nini. Mweleze fumbo kwa Kiswahili hadi alielewe, jina la Kijerumani mwalimu atalibandika juu yake.

Tumalizie na pesa. Familia zinazopata msaada wa Jobcenter (ofisi ya ajira na ruzuku), Wohngeld (ruzuku ya kodi ya nyumba), Kinderzuschlag (nyongeza ya watoto kwa wenye kipato kidogo), au msaada wa waomba hifadhi, zina haki ya kuomba Lernförderung, yaani tuisheni inayolipwa na serikali chini ya mpango wa Bildung und Teilhabe. Tangu Agosti 2019 si lazima mtoto awe karibu kurudia darasa. Inatosha mwalimu athibitishe kwa fomu kwamba anahitaji. Omba kabla ya somo la kwanza, na uliza ofisi yako kama inakubali mwalimu wa mtandaoni, maana kila mji una taratibu zake. Kama kibali chako kina sharti la kujitegemea kifedha, pitia kwanza kwa washauri wa wahamiaji wa mashirika ya misaada kama Caritas, Diakonie au AWO. Vijana wa miaka 12 hadi 27 wana ofisi yao, Jugendmigrationsdienst, na ushauri wake ni bure.

Anayelipa mfukoni asome mkataba kabla ya kubonyeza. Kampuni nyingi za tuisheni huuza vifurushi vya miezi 12 au zaidi, na bei nzuri inayotangazwa mara nyingi ni ya kifurushi kirefu. Angalia pia kama "saa" yao ni dakika 60 au 45. Mkataba uliofungwa mtandaoni una siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, ingawa ukiwa umeomba masomo yaanze mara moja utalipia yale yaliyofundishwa. Mikataba iliyofungwa tangu Machi 2022, muda wa mwanzo ukiisha na mkataba ukajiendeleza, unaweza kutoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Na tangu tarehe 1 Julai 2022 tovuti inayouza mikataba ya aina hii lazima iwe na kitufe cha kusitisha. Kibonyeze, subiri barua pepe ya uthibitisho, ihifadhi, kisha uangalie benki mwezi unaofuata.