Mzee ana Parkinson? Usimkalishe tu barazani, mfanyishe mazoezi hivi

Huku kwetu kusini mwa Tanzania mzee akianza kutetemeka mkono na kuburuza miguu watu wanasema uzee huo, wengine wanasema karogwa, basi anawekwa barazani kila kitu analetewa, maji analetewa, ata shati anavalishwa. Kwa upendo kabisa, lakini ndo hapo anaposhuka haraka. Mwenye Parkinson anaweza kujifunza upya kutembea, kugeuka na kufunga vifungo, anajifunza taratibu kidogo kuliko wengine na anataka marudio mengi, ila anajifunza.

Shida inaanzia kwenye ubongo, seli zinazotengeneza dopamini, yani kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, zinakufa kidogo kidogo, na bila dopamini ya kutosha ile sehemu inayoendesha mambo ya mazoea inayumba. Sisi tukitembea hatufikirii mguu, unakwenda wenyewe. Yeye hauendi wenyewe tena, lakini akikusudia, akauwaza mguu, unakwenda. Kwahiyo mazoezi yake yote yanapitia kwenye kukusudia, shika hilo.

Kwanza saa ya mazoezi. Kama anatumia levodopa, ile dawa ya kurudisha dopamini, subiri ikolee, kwa wengi ni kama nusu saa mpaka saa nzima baada ya kumeza, utamwona mwenyewe mwili unaacha kukakamaa na uso unachangamka. Usimfanyishe dawa inapokaribia kuisha, atahangaika bure na atakata tamaa. Na kwa baadhi ya watu samaki, nyama au maharage mengi pamoja na dawa vinaipunguzia nguvu, muulize daktari ampangie saa za kula, usipange mwenyewe. Jua letu unalijua, kwahiyo asubuhi mapema au jioni.

Alafu mwambie neno moja tu: KUBWA. Hatua zake zinakuwa fupi na yeye anaona ni za kawaida kabisa, ukimwambia apige kubwa mpaka ahisi anazidisha ndo inatoka hatua ya kawaida. Usimwambie nyoosha mgongo, inua goti, angalia mbele, tupa mkono, yote kwa mpigo, utamchanganya. Neno moja, wiki nzima ata zaidi.

Mdundo ndo dawa nyingine naiamini sana. Mtu aliyekua na ngoma ya sindimba masikioni ukimpigia dumu kwa mdundo ulionyooka miguu inafuata, kwa sababu sauti ya nje inamsaidia pale ambapo mdundo wa ndani umepotea. Anza na mwendo wake wa kawaida, usimkimbize. Huna dumu basi piga makofi, au hesabu moja mbili moja mbili. Vilevile chora mistari ya chaki sakafuni, mmoja kila hatua, avuke. Usiweke kamba wala fimbo, atajikwaa.

Sasa kuganda. Hii inawatisha watu, mzee anafika mlangoni miguu inanasa chini kama imepigwa misumari, na wewe unamvuta mkono. Usimvute! Ataanguka. Asimame, apumue, ahamishe uzito mguu huu mguu ule mara kadhaa, alafu mwekee mguu wako mbele auvuke kwa juu bila kuukanyaga au mwonyeshe mstari, apige KUBWA. Kugeuka pia asizunguke hapohapo alipo, azunguke kwa duara pana.

Jambo ambalo familia nyingi hawalijui ni kwamba akijifunza chumbani anaweza kushindwa uani, yani ujuzi wake unang'ang'ania pale alipojifunzia. Kwahiyo akishaweza ndani mpeleke barazani, kisha uani, kisha njia ya msikitini au sokoni. Ufukweni kama pale Shangani, Mtwara, mpeleke maji yakipwa, kwenye mchanga uliolowa na kukaza, sio ule mkavu unaozama, na mtu awe pembeni yake.

Mwanzoni anatembea tu, hakuna stori. Akiwa imara ndo unaongeza kazi ya pili, mfano atembee huku anataja njia ya basi toka Mtwara kwenda Masasi, Mikindani, Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao, Ndanda. Hatua zikianza kufupika acha maneno, rudi kwenye hatua.

Mikono nayo: kufunga na kufungua vifungo, kuandika herufi kubwakubwa, kuchambua mchele, kumenya lile ganda jembamba la korosho iliyokwisha banguliwa. Kubangua kwenyewe hapana, mafuta ya ganda yanaunguza.

Na jasho litoke. Utafiti wa Marekani uliotoka 2018 uliwatembeza kwenye mashine ya kutembelea watu wa hatua za mwanzo za ugonjwa, walipangiwa mara 4 kwa wiki miezi 6, waliofanya kwa nguvu kubwa dalili zao hazikusogea sana, ambao hawakubadilisha kitu zilizidi. Kipimo rahisi nyumbani, aweze kusema sentensi fupi lakini asiweze kuimba. Mwenye moyo au presha apimwe kwanza, hapo sina mzaha.

Akitoka kitandani akae ukingoni kidogo kabla ya kusimama, presha inashuka ghafla kwa wengi wao. Asivae kandambili, avae viatu vinavyobana kisigino. Akianza kuanguka anguka, au akigonga kichwa, simamisha mazoezi mpeleke hospitali. Na usisubiri mpaka aanguke ndo umtafute mtu wa fiziotherapia, ulizia hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, uende na video fupi ya simu akiwa anatembea, anageuka na anapita mlangoni, maana mbele ya daktari wazee wengi wanajikaza wanatembea vizuri kuliko nyumbani.